Fibrosi ya Nyuma ya Utando wa Tumbo na Figo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi huanza kusoma kuhusu ugonjwa huu wakiwa na karatasi ya majibu ya CT (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mionzi) mkononi na jina ambalo hawajawahi kulisikia. Maswali yaliyo hapa ndiyo wagonjwa na ndugu zao huyarudia zaidi. Yameanza na mambo ya msingi, hali zisizo za kawaida ziko mwishoni. Kama umepewa majibu leo na huna muda, anza na swali la 6, la 8 na la 14.

## Kuuelewa ugonjwa

1. Huu ni ugonjwa gani hasa?

Utumbo na viungo vingine vya tumboni vimefunikwa na utando laini. Nyuma ya utando huo, karibu na uti wa mgongo, kuna nafasi yenye figo mbili, mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni, aota (mshipa mkuu wa kusambaza damu) na vena kubwa inayorudisha damu moyoni. Katika ugonjwa huu, tishu ngumu inayofanana na kovu huota katika nafasi hiyo. Kwa kawaida huanza kwa kuizunguka aota chini ya usawa wa figo, hushuka hadi pale inapogawanyika kuelekea miguuni, kisha hutambaa pembeni na kuifunika mirija ya mkojo.

Mwanzoni tishu hiyo si kovu tupu. Imejaa seli za kinga, nayo ina inflamesheni, yaani ile hali ya mwili kupambana na kitu hadi tishu ikavimba na kuuma. Hapo dawa hufanya kazi vizuri. Kadiri miezi inavyopita seli hupungua, nyuzi ngumu huongezeka, na kinachobaki hakisikii dawa tena.

Joaquín Albarrán, bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo aliyezaliwa Cuba na kufanya kazi Paris, aliueleza mwaka 1905. Ni ripoti ya John Ormond wa Marekani ya mwaka 1948 iliyoufanya utambulike, ndiyo maana baadhi ya madaktari bado wanauita ugonjwa wa Ormond.

2. Je, ni saratani?

Hapana, ugonjwa wenyewe si saratani. Lakini swali hili lina upande wa pili ambao daktari lazima aujibu kwa vipimo: zipo saratani zinazoweza kuleta picha inayofanana nao, hasa limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), na pia saratani za tezi dume, matiti, tumbo au utumbo zilizosambaa. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa “si saratani” na papo hapo ukatakiwa kufanya vipimo vya saratani. Maneno hayo mawili hayapingani. Tazama pia swali la 12.

3. Husababishwa na nini?

Kwa wagonjwa wengi, takriban theluthi mbili au zaidi, hakuna sababu ya nje inayopatikana. Kinachoonekana ni kinga ya mwili kuushambulia ukuta wa aota na tishu zilizo jirani. Sehemu kubwa ya wagonjwa hao wako katika kundi la magonjwa ya IgG4, yanayoelezwa katika swali la 13.

Waliobaki wana sababu inayoweza kutajwa. Dawa ni mojawapo: methisajidi na ergotamini, zilizotumika kwa kipandauso, ndizo zinazojulikana zaidi. Nyingine ni saratani, mionzi iliyopigwa tumboni au kwenye nyonga, upasuaji mkubwa, damu iliyovuja nyuma ya tumbo, na maambukizi kama kifua kikuu. Uvutaji wa sigara na kuvuta vumbi la asbesto huongeza hatari.

Hii si habari ya vitabuni tu. Mpe daktari orodha kamili ya dawa ulizotumia miaka iliyopita, hata ulizoacha, na kazi ulizofanya. Chanzo kikiwa dawa, kuiacha ndiyo hatua ya kwanza ya matibabu.

4. Ni nani huupata? Unaambukiza?

Hauambukizi kwa njia yoyote. Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 40 hadi 60 na kitu, wanaume mara mbili au tatu zaidi ya wanawake, ingawa hata watoto wamewahi kuupata. Ni ugonjwa adimu: utafiti wa Uholanzi ulikadiria wagonjwa wapya 1.3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wa Finland ulipata idadi ndogo zaidi. Uadimu huo una gharama yake. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na ndiyo sababu wagonjwa wengi huzungushwa kwa miezi kadhaa wakitibiwa mgongo.

## Figo zinavyoingia katika habari hii

5. Kovu liko karibu na aota. Kwa nini figo ndizo zinazoumia?

Kwa sababu ya mirija. Figo hutengeneza mkojo mchana na usiku, na mkojo hauteremki kama maji kwenye bomba. Mrija una misuli inayojikaza kwa mawimbi kutoka juu kwenda chini, kama koo linapomeza tonge. Tishu ikishaukumbatia mrija, mawimbi hayo hukwama hata kama tundu la ndani halijafungwa kabisa. Madaktari wa upasuaji hukutana na jambo linaloshangaza: figo imeziba kabisa, lakini wakipitisha kijiti chembamba ndani ya mrija kinapanda bila shida.

Mkojo usiposhuka, shinikizo hupanda ndani ya figo. Vichujio hupunguza kazi, damu inayoingia hupungua, na baada ya muda nyama ya figo huanza kukonda. Figo yenyewe haina kosa, imezuiwa kumwaga.

Njia nyingine, isiyo ya kawaida sana, ni tishu hiyo kuubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Hapo presha hupanda na hugoma kushuka kwa dawa.

6. Nina muda gani kabla figo haijaharibika moja kwa moja?

Hakuna saa maalumu. Inategemea mambo matatu: mrija umeziba kabisa au kwa sehemu, umeziba kwa muda gani, na kama kuna maambukizi juu yake. Figo iliyozibwa kabisa kwa siku chache huweza kurudi vizuri. Ikizibwa kabisa kwa wiki nyingi, sehemu ya uwezo wake hupotea na hairudi. Ikizibwa kwa sehemu inaweza kuvumilia kwa miezi, lakini inalipa kidogo kidogo.

Ndiyo maana swali la kumuuliza daktari siku ya kwanza ni “mkojo unapita?” kabla ya “nitatumia dawa gani?” Kuufungua mrija na kuutibu ugonjwa ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza haisubiri ya pili.

7. Nakojoa kama kawaida. Figo inawezaje kuwa imeziba?

Una figo mbili. Upande mmoja ukiziba, mwingine hubeba mzigo wote, nawe hutaona tofauti chooni. Hata kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kinaweza kubaki kizuri. Kisa cha kuhuzunisha, na madaktari wa figo wanakijua sana, ni cha mtu ambaye figo moja ilizibwa kimya kimya ikasinyaa, hakuna aliyejua, kisha ugonjwa ukavuka upande wa pili. Anafika hospitali siku mkojo unapokata ghafla, akidhani tatizo limeanza juzi.

8. Ni dalili gani nisizipuuze?

Inayotangulia kwa wengi ni maumivu ya mgongo wa chini, ubavu au tumbo: ya ndani, mazito, yasiyobadilika ukijigeuza kitandani. Maumivu ya misuli au ya uti wa mgongo kwa kawaida yana mkao unaoyapunguza, haya hayana. Pamoja nayo huja uchovu, kukosa hamu ya kula, kupungua uzito na homa ndogondogo.

Dalili nyingine hutegemea kilichobanwa. Vena zikibanwa, miguu huvimba, na damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Mishipa ya korodani ikibanwa, mwanaume hupata busha au korodani zinauma. Presha mpya kwa mtu asiyekuwa nayo ni dalili pia.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kliniki, ukiona mojawapo ya haya: mkojo umekata au umepungua mno, homa kali na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, kichefuchefu kinachoambatana na kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, mguu mmoja kuvimba ghafla, au kukosa pumzi.

9. Diklofenaki na ibuprofeni zinanituliza vizuri. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa, na nasisitiza kwa sababu huu ndio mtego wa ugonjwa wenyewe. Dawa za jamii hiyo hupunguza inflamesheni, kwa hiyo maumivu ya ugonjwa huu huzisikia vizuri kuliko maumivu mengine mengi. Mgonjwa anapata nafuu, anaamini ni mgongo, anaendelea kuzinunua. Wakati huo mrija unaendelea kubanwa, na dawa zenyewe zinapunguza damu inayoingia kwenye figo ambayo tayari iko mashakani.

Mpaka ujue hali ya figo zako, ziache. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ni salama zaidi kwa figo; isipotosha, daktari ana dawa nyingine za maumivu. Na maumivu ya mgongo yanayoondoka kwa diklofenaki na kurudi kila ikiisha, kwa wiki kadhaa, yanastahili altrasaundi ya figo na kipimo cha damu.

## Uchunguzi

10. Uchunguzi huanzia wapi?

Damu na mkojo kwanza. Kreatinini huonyesha kazi ya figo, potasiamu huonyesha kama kuna hatari ya haraka kwa moyo, na wingi wa damu hupimwa kwa kuwa upungufu wake ni wa kawaida. ESR na CRP, vipimo vya inflamesheni, huwa juu kwa wengi lakini si wote. Mkojo wenyewe mara nyingi hauna kitu, jambo linalowafanya wengine waseme figo ziko sawa.

Kisha altrasaundi, kwa sababu ni ya haraka, haina mionzi na huonyesha figo iliyojaa maji. Ila haioni vizuri nyuma ya tumbo. Picha inayouonyesha ugonjwa wenyewe ni CT au MRI (picha inayotumia sumaku): tishu iliyozunguka aota kama ganda, na mirija iliyovutwa kuelekea katikati ya mwili. Jambo moja ambalo mtaalamu wa picha huliangalia ni mahali aota ilipo. Katika ugonjwa huu kwa kawaida hubaki imelala juu ya uti wa mgongo. Limfoma na saratani nyingine huelekea kuisukuma mbele. Ni dalili nzuri, lakini haitoshi kuwa hukumu.

Picha ya PET huonyesha ni wapi inflamesheni bado inawaka, na wakati mwingine hufichua saratani au maambukizi yaliyojificha mahali pengine. Si lazima kwa kila mtu.

Altrasaundi ikisema figo hazijajaa maji, usilale. Mrija na mfuko wa figo vikiwa vimefunikwa na tishu ngumu haviwezi kutanuka hata mkojo ukikwama, kwa hiyo figo inaweza kuwa imeziba bila kujaa. Kreatinini ikipanda bila sababu nyingine huku altrasaundi ikiwa nzuri, omba CT au MRI, au kipimo cha renogramu kinachofuatilia jinsi kila figo inavyomwaga.

11. Figo zangu ni dhaifu. Dawa inayochomwa mshipani wakati wa CT ili picha ionekane vizuri haitaziua?

Hofu hii ina msingi, ila mara nyingi huzidishwa. Hatari ya dawa hiyo yenye ayodini huongezeka pale kazi ya figo inaposhuka sana, hasa kiwango cha uchujaji (eGFR kwenye karatasi ya majibu) kikiwa chini ya 30. Ziko njia za kuikwepa: CT bila dawa bado huonyesha figo iliyojaa na mara nyingi tishu yenyewe, na MRI hutoa picha nzuri. Dawa ya MRI, gadoliniamu, aina zake za zamani zilihusishwa na ugonjwa wa ngozi kuwa ngumu kwa watu wenye figo zilizofeli. Aina za sasa ni salama zaidi. Taja kreatinini yako kabla ya kupanda kitandani, na umwachie daktari kupima faida na hatari.

12. Lazima nikatwe kinyama cha kupimwa kwa darubini (biopsi)?

Si kila mara. Picha ikiwa ya kawaida kabisa, mahali ni palepale panapotarajiwa na hakuna kinachoashiria saratani au maambukizi, madaktari wengi huanza matibabu bila biopsi na kufuatilia kwa karibu. Biopsi inahitajika kama tishu iko mahali pasipo pa kawaida, ni kubwa kupita kiasi au inasukuma viungo, kama kuna historia ya saratani, au kama matibabu hayazai matunda.

La muhimu ni mpangilio wa hatua. Limfoma huweza kunywea kwa steroidi (dawa kuu za kuzima inflamesheni katika ugonjwa huu) kwa muda, kisha biopsi ikichukuliwa haionyeshi kitu. Kama kuna shaka ya limfoma, kinyama kitolewe kabla ya kidonge cha kwanza cha steroidi, isipokuwa hali ya mgonjwa hairuhusu kungoja.

13. IgG4 ni nini, na mbona yangu iko kawaida?

Ni aina mojawapo ya kingamwili. Katika kundi la magonjwa ya IgG4, seli zinazoitengeneza hujikusanya katika kiungo kimoja au vingi: kongosho, tezi za mate na za machozi, figo zenyewe, na nafasi ya nyuma ya tumbo. Kiwango cha damu kinachozidi miligramu 135 kwa desilita huongeza shaka, lakini watu wengi wenye ugonjwa huu wa tumboni wana kiwango cha kawaida, na magonjwa mengine pia huweza kukipandisha. Jibu la uhakika hutoka kwenye darubini.

Faida ya kujua? Daktari atatafuta viungo vingine vilivyoguswa, na atafikiria rituksimabu, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, mapema zaidi ugonjwa ukirudi. Matibabu ya mwanzo ni yaleyale ya swali la 18.

## Kuufungua mkojo

14. Nimeambiwa kreatinini imepanda na figo zote zimejaa. Nini kinakuja kwanza?

Kuokoa maisha, kisha kuufungua mkojo, kisha dawa za ugonjwa. Potasiamu ikiwa juu sana inaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo hushushwa saa hiyohiyo. Wengine huhitaji dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) mara moja au mbili. Kuingia kwenye dayalisisi wakati huu hakumaanishi utabaki huko: figo zilizoziba zikifunguliwa mapema, wengi huiacha kabisa.

Kama kuna homa na figo imeziba, ni dharura ya juu zaidi. Usaha uliofungiwa ndani ya figo huingia kwenye damu, na antibiotiki peke yake haitoshi mpaka mkojo utolewe.

Ikiwa kuziba ni kidogo na kreatinini inakaribia kawaida, baadhi ya madaktari huanza steroidi bila kuweka mrija wowote na kupima tena baada ya siku au wiki chache. Ni uamuzi halali, mradi vipimo vya kufuatilia vifanyike kweli.

15. Stenti au mrija wa mgongoni: ipi bora?

Stenti ni mrija mwembamba laini unaowekwa ndani ya mrija wa mkojo, ukianzia kwenye figo na kuishia kibofuni, wenye mkunjo kila upande ili usihame. Hauonekani nje. Nefrostomi ni mrija unaopita kwenye ngozi ya mgongo moja kwa moja hadi kwenye figo, na mkojo unaingia kwenye mfuko. Unaweza kuwekwa kwa ganzi ya sehemu tu, kwa hiyo hufaa mgonjwa aliye taabani asiyeweza kuhimili dawa ya usingizi, au pale stenti iliposhindikana. Ukivutwa, hutoka.

Kwa mtu atakayeishi na kifaa hicho kwa miezi, stenti humwacha huru zaidi. Kwa usiku wa dharura, bora ni ile ambayo hospitali inaweza kuifanya vizuri mapema.

Stenti hukera: kukojoa mara kwa mara, maumivu ya ubavu unapokojoa, damu kidogo baada ya kutembea sana. Kunywa maji ya kutosha kama daktari hajakuwekea kikomo, na mwambie kuhusu kero hizo, kwani tamsulosini, dawa inayolegeza misuli ya njia ya mkojo, huwasaidia baadhi ya watu. Lazima ibadilishwe, kwa kawaida kila baada ya miezi 3 hadi 6 kutegemea aina. Iandike tarehe. Stenti iliyosahaulika hujenga mawe juu yake, huziba, na kuitoa kunaweza kuhitaji upasuaji mzito kuliko ule wa kuiweka.

16. Baada ya kuzibuliwa nakojoa lita nyingi mno. Ni kawaida?

Hutokea, hasa figo zote mbili zikiwa zimeziba. Mwili unatoa maji na chumvi iliyojilimbikiza, na figo zimesahau kwa muda kuukoleza mkojo. Zaidi ya mililita 200 kwa saa kwa saa mbili mfululizo, au lita 3 kwa siku, ni kiwango cha kukufanya ubaki hospitalini upimwe chumvi za damu, presha na uzito. Wengi hutulia ndani ya siku moja au mbili. Anayeuguza nyumbani mtu aliyeruhusiwa mapema amwangalie kama anaona kizunguzungu akisimama.

17. Upasuaji wa kuikomboa mirija hufanywa lini?

Zamani ulikuwa matibabu ya kwanza. Siku hizi huja pale dawa na stenti zinaposhindwa, au wakati biopsi kubwa inahitajika kwa vyovyote. Daktari huitoa mirija kutoka kwenye tishu, huihamishia pembeni au ndani ya utando wa tumbo, na mara nyingi huizungushia mafuta ya tumboni ili isinaswe tena. Hufanywa kwa kufungua tumbo au kwa matundu madogo. Unaufungua mkojo, hauzimi inflamesheni. Ndiyo sababu wengi bado hupewa dawa baadaye.

## Dawa

18. Steroidi nitatumia kiasi gani, na kwa muda gani?

Kawaida prednisoloni huanza kwa takriban miligramu 0.75 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa wiki 4 hivi, kisha hupunguzwa polepole hadi miligramu 5 au 7.5 ndani ya miezi michache. Kipimo hicho kidogo huendelea, na matibabu yote huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Maumivu yanaweza kuondoka ndani ya siku chache. Hapo ndipo wengine huacha, na hapo ndipo hukosea. Ukiisha kuzitumia kwa wiki kadhaa, tezi zako za adrenali, zinazotengeneza steroidi za mwili wenyewe, zimepumzika; kuacha ghafla kunaweza kukuangusha kwa presha kushuka na kutapika, mbali na ugonjwa kurudi.

Madhara ni ya kweli: sukari kupanda, presha, uso kujaa, mifupa kudhoofika, usingizi kuruka, maambukizi. Kabla ya kuanza, pimwa sukari, homa ya ini aina ya B, VVU na kifua kikuu, kwa sababu maambukizi yaliyolala huamka. Aliyewahi kuishi mahali penye minyoo ya strongiloidi atibiwe au apimwe, maana steroidi huweza kuwageuza kuwa hatari ya kifo. Ukiwa kwenye dozi kubwa kwa muda mrefu, uliza kuhusu kinga ya nimonia ya nyemelezi na ulinzi wa mifupa. Na kama unatumia rifampisini kwa kifua kikuu, mwambie daktari: inaimaliza prednisoloni haraka mwilini, hivyo dozi ya kawaida inaweza isitoshe.

19. Nimeandikiwa tamoksifeni. Si dawa ya saratani ya matiti?

Ndiyo, ila pia hupunguza utengenezaji wa nyuzi za kovu, na imetumika kwa wanaume na wanawake wenye ugonjwa huu. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha wagonjwa 36, nusu wakipewa prednisoni (steroidi ya jamii ya prednisoloni) na nusu tamoksifeni baada ya mwezi wa kwanza wa steroidi. Mwisho wa matibabu, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa mmoja wa kundi la prednisoni na saba wa kundi la tamoksifeni. Kwa hiyo steroidi ndizo chaguo la kwanza. Tamoksifeni hubaki kwa asiyeweza kuzivumilia, kwa tahadhari kwamba huongeza hatari ya damu kuganda, jambo zito kwa mtu ambaye vena zake tayari zimebanwa.

20. Steroidi zimenishinda, au ugonjwa unarudi kila nikipunguza. Kuna nini kingine?

Zipo dawa za kushusha kinga: maikofenoleti, methotreksati, azathioprini, na rituksimabu. Methotreksati haifai figo zikiwa dhaifu sana kwa sababu hutolewa kwa njia ya figo na hujilimbikiza. Kabla ya kuongeza dawa, daktari anatakiwa kurudi nyuma na kuuliza: je, utambuzi ulikuwa sahihi? Tishu isiyosikia chochote inastahili biopsi.

21. Mitishamba au lishe maalumu vinasaidia?

Hakuna chakula kinachoyeyusha tishu hii. Punguza chumvi kwa ajili ya presha na steroidi. Kikomo cha potasiamu au protini kifuate vipimo vyako, si orodha ya mtu mwingine. Mitishamba nayo iogope kwa haki: mimea ya jamii ya Aristolochia, kwa mfano, inajulikana kuua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Kuacha sigara kuna maana kuliko yote hayo.

## Ufuatiliaji na hali zisizo za kawaida

22. Nimemaliza dawa lakini picha bado inaonyesha tishu. Matibabu yameshindwa?

Si lazima. Inflamesheni ikizimika hubaki kovu lililolala, kama ukuta wa nyumba iliyohamwa. Linaloangaliwa ni kama linakua, kama ESR na CRP zimeshuka, maumivu yamekwisha na mkojo unapita. Kovu tulivu lisilobana kitu huachwa.

Stenti huondolewa picha ikionyesha tishu imenywea na renogramu au kipimo kingine kikithibitisha mkojo unashuka, mara nyingi baada ya miezi kadhaa. Kinachofuata ndicho wengi hukisahau: kreatinini na altrasaundi wiki chache baada ya kuitoa, hata kama unajisikia vizuri.

23. Unaweza kurudi baada ya miaka mingapi?

Mara nyingi zaidi ndani ya miaka michache ya kwanza, lakini kuna waliorudiwa baada ya miaka 10. Kreatinini, ESR, CRP na altrasaundi kila miezi michache mwanzoni, kisha angalau mara moja kwa mwaka bila kikomo, ni bei ndogo. ESR nzuri peke yake haitoshi. Kuziba kunaweza kurudi huku vipimo vya inflamesheni vikiwa vimetulia. Kwa walio na aota iliyotanuka, upana wake nao hupimwa.

24. Figo moja imesinyaa. Itolewe?

Ikiwa haiumi, haina usaha wa kujirudia na haipandishi presha, huachwa ilipo. Uamuzi mgumu ni kama iwekwe stenti. Renogramu husaidia hapa: figo inayochangia chini ya takriban asilimia 10 ya kazi yote haitarajiwi kumsaidia sana mgonjwa, isipokuwa ile nyingine nayo iko hatarini, ambapo kila kidogo kina thamani. Lakini kipimo hicho kifanywe baada ya figo kuzibuliwa kwa wiki kadhaa. Nimeona haraka ya kuitangaza figo “imekufa” wakati bado imeziba, na hilo ni kosa lisilorekebishika iwapo itaondolewa.

25. Tunataka kupata mtoto. Dawa zinaruhusu?

Mazungumzo haya yaanze kabla ya mimba. Maikofenoleti, methotreksati na tamoksifeni huweza kumdhuru mtoto na lazima ziachwe mapema kwa muda ambao daktari atautaja. Prednisoloni kwa dozi ndogo na azathioprini hutumika katika ujauzito inapobidi. Kumbuka pia kwamba mimba yenyewe hutanua mirija ya mkojo, hasa wa kulia, kwa hiyo altrasaundi ya wakati huo isomwe na mtu anayejua historia yako. Mwanaume naye aulize kuhusu dawa zake.

26. Nikifika kwenye dayalisisi ya kudumu, naweza kupandikizwa figo?

Inawezekana. Daktari wa upandikizaji atataka kuona ugonjwa umetulia kwa muda, na atachunguza kwa CT au MRI mishipa ya nyonga, kwa kuwa ndiyo figo mpya huunganishwa nayo na tishu hii hupenda kushuka mpaka hapo. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo ni za kushusha kinga, baadhi yao ni zilezile za swali la 20. Hata hivyo mrija wa figo mpya huchunguzwa kwa altrasaundi kama ule wa zamani: kreatinini ikipanda baada ya upandikizaji, timu isikimbilie kusema mwili unaikataa kabla ya kuhakikisha mkojo unapita.